Ua la Tanga Lililopewa Jina Huko Hannover

Hotuba kwa walimu, wazazi na wanafunzi wa vikundi vya mazingira, jijini Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi, nanyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, assalaam alaykum, tumsifu Yesu Kristo. Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo naomba niingie kwenye jambo lililonileta.

Mmeniomba nizungumzie safari yangu ya Ujerumani, nilipokwenda kumtembelea binti yangu anayesoma huko. Safari yote sitaisimulia. Nitazungumzia bustani moja ya mji wa Hannover, inayoitwa Herrenhausen, kwa sababu Tanga imo ndani ya historia ya bustani ile, na wengi wetu tuliozaliwa hapa, tukasoma hapa na kufundisha hapa, hatukuwahi kuambiwa.

Naanzia kwetu. Mwaka 1892 wilaya ya Tanga, chini ya utawala wa Kijerumani, ilikuwa mikononi mwa bwana aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire. Kiswahili alikijua, kitabu chake cha kuwafundishia Wajerumani lugha yetu kilitoka Berlin mwaka 1890. Basi, mwendo wa kama saa moja kutoka mjini, kulipatikana mmea mfupi uliojishika kwenye nyufa za mawe ya chokaa, mahali penye miti na kivuli. Majani yake ni manene, yana manyoya mafupi laini. Ua lake ni la zambarau inayoelekea buluu, na katikati vimetokeza vijifuko viwili vya chavua, vya manjano iliyokolea. Mahali penyewe ni chini kabisa, kati ya mita 30 na 50 juu ya usawa wa bahari. Mmea wa namna hiyo ulionekana pia huko juu kwenye msitu mnene wa Usambara, juu ya miamba, kwenye mwinuko wa kama mita 850. Wanafunzi, iandikeni hiyo tarakimu ya kwanza, mita 30 hadi 50, maana nitaihitaji baadaye.

Mkuu huyo wa wilaya akampelekea mmea huo baba yake Ujerumani, mzee Ulrich, mpenzi mkubwa wa maua. Mzee naye akaufikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya mimea ya kifalme pale Herrenhausen. Wendland akauotesha, akauchunguza, na mwaka 1893 akauandika kwenye maandishi ya kisayansi kwa jina la Saintpaulia ionantha. Mwaka uleule ukaonyeshwa kwenye maonyesho ya maua mjini Ghent, Ubelgiji, na kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya mjini Erfurt ikaanza kuueneza. Mwaka 1927 wakulima wa maua wa Los Angeles, Armacost na Royston, waliotesha mbegu zilizotoka Ujerumani na Uingereza wakachagua aina 10 za kuanzia biashara. Leo aina zilizozalishwa na wakulima wa maua ni maelfu, na zote chimbuko lake ni huku kwetu, maana mimea ya kundi hili haioti porini popote duniani ila Tanzania na Kenya.

Tuseme haki, Saint Paul hakuwa wa kwanza kuuchuma. John Kirk, konseli wa Uingereza kule Zanzibar, aliuchuma mwaka 1884, na mwaka 1887 akauchuma mchungaji W. E. Taylor, yuleyule aliyekusanya mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Sampuli zao zilifika bustani ya mimea ya Kew, London, lakini hazikuwa timilifu kiasi cha mtaalamu kuthubutu kuupa mmea jina jipya, zikawekwa. Na kabla ya hao wote walikuwapo babu na bibi zetu, waliopita penye mawe hayo wakienda mtoni na wakirudi mashambani. Hao walilifahamu ua kabla ya Kirk, kabla ya Taylor na kabla ya Saint Paul. Jina la hata mmoja wao halikuingia kwenye kitabu, na jambo hilo linaniuma mpaka leo ninaposimama mbele yenu.

Kuna jingine la mwaka huohuo wa 1893. Wakati ua letu linapewa jina huko Hannover, mmea mwingine ulikuwa njiani kuja huku. Daktari Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilipitia Hamburg, na vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Vikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Habari iliyobaki mnaijua kuliko mimi: mashamba, kambi, mashine za kusindika ziitwazo korona, treni, watu waliotoka Songea, Kigoma, Burundi na Msumbiji kuja kukata mkonge, na hatimaye sisi wenyewe, maana wengi tuliomo ukumbini humu ni wajukuu wa watu hao. Mmea mmoja ulikuja, mmoja ukaondoka, karibu wakati mmoja. Ule uliokuja kila mtoto wa Tanga anaujua. Ule ulioondoka, jaribuni kuwauliza watoto wenu usiku wa leo.

Sasa twende Hannover.

Hannover ni mji wa watu zaidi ya laki 5. Kutoka katikati ya mji unapanda tramu, namba 4 au namba 5, unashuka kwenye kituo chenye jina la bustani zenyewe. Nasema bustani zenyewe kwa sababu ziko kadhaa zilizokaribiana. Ipo Großer Garten, yaani ile kubwa, ekari zaidi ya 120. Ipo Georgengarten, iliyo wazi kwa yeyote bila kiingilio, yenye viwanja vipana vya majani ambapo watu hutandika shuka wakala chakula na watoto wao. Ipo Welfengarten, mahali lilipo jengo kuu la chuo kikuu. Na ng'ambo ya barabara ipo Berggarten, bustani ya mimea, ile aliyoisimamia Wendland. Kuziunganisha na mji kuna njia ndefu ya karibu kilomita 2, iliyopandwa mistari 4 ya miti ambayo wao huiita Linde. Miti hiyo ilipandwa mwaka 1726 na 1727. Ilipozeeka ikaondolewa, na miaka ya 1970 ikapandwa upya kwa mistari ileile. Nilikuwa nikitembea hapo jioni na binti yangu, na nilitamani niwaone waliotoa uamuzi huo, wa kupanda mti ambao kivuli chake kitawapata wajukuu.

Hiyo bustani kubwa ilianza mwaka 1666. Aliyeifanya iwe hivi ilivyo ni mwanamke, Sophie, mke wa mtawala wa Hannover. Aliipanua kuanzia mwaka 1696. Pande tatu imezungukwa na mfereji mpana wa maji. Ndani, njia zimenyooka, na miti ya uzio imekatwa ikanyooka kama ukuta uliopigwa plasta. Nakiri kwamba mimi mtu wa Muheza, niliyezoea mti ujikunje unavyotaka, haikunivutia mara moja. Nilivutiwa nilipokutana na wakatao miti yenyewe. Walikuwa vijana wawili, wamefunga kamba kutoka nguzo hii hadi ile, wanakata kwa kufuata kamba, mmoja akirudi nyuma kila mara kuangalia. Kazi hiyo inafanywa upya kila mwaka.

Sophie alikuwa na rafiki mwanafalsafa na mwanahisabati, Gottfried Wilhelm Leibniz, aliyeitumikia nyumba ya watawala wa Hannover tangu mwaka 1676 hadi alipofariki mwaka 1716. Walikuwa wakitembea na kuzungumza humo bustanini. Leibniz mwenyewe ameandika kisa kimoja kilichotokea hapo. Alisema kwamba hakuna vitu viwili ulimwenguni vinavyofanana kabisa. Muungwana mmoja aliyekuwa pamoja nao akabisha, akasema atapata majani mawili yaliyo sawasawa. Sophie akamwambia ayatafute. Yule bwana akaizunguka bustani, akachuma, akalinganisha, akachuma tena, asiyapate.

Walimu wa baiolojia, kisa hiki kipelekeni darasani. Wapelekeni watoto chini ya mwembe wa shule, kila mmoja atafute majani mawili yaliyo sawa. Wataanza kwa ukubwa, watafika kwenye ncha, watafika kwenye mishipa, na mtoto atakayefika kwenye mishipa ya jani ameshaingia kwenye sayansi bila kuburutwa. Wendland, karibu miaka 200 baada ya kisa hicho, kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kuliangalia jani na ua lililotoka Tanga, kulilinganisha na yote aliyoyajua, mpaka akatamka kwamba hili si lolote kati ya hayo. Sampuli za Kirk na Taylor zilikuwa zimekwishafika Ulaya kabla, lakini mmea mzima, ulio hai, wenye maua, mbele ya mtu anayejua kuangalia, ulipatikana Herrenhausen.

Nirudi kwa Sophie. Alitaka bustani yake iwe na mrusho wa maji utakaoshinda yote ya Ulaya. Mafundi walihangaika miaka mingi. Leibniz naye alichangia mawazo juu ya namna ya kupandisha maji ya mto Leine. Hayakupanda. Tarehe 8 Juni 1714 Sophie, mwenye umri wa miaka 83, alikuwa akitembea bustanini, mvua ikamkuta, akaanguka akafariki palepale. Alikuwa mrithi wa kiti cha enzi cha Uingereza kwa sheria ya mwaka 1701, na laiti angeishi wiki 8 zaidi angekuwa malkia, maana Malkia Anne alifariki tarehe 1 Agosti mwaka huo, ufalme ukamwendea mwanawe Sophie, George wa kwanza. Ni chini ya George huyo ambapo mitambo ilikamilika, na mwanzoni mwa miaka ya 1720 maji yakaruka kama mita 35. Siku hizi, kwa pampu za kisasa, yanazidi mita 70. Nilikaa kwenye benchi nikiyatazama, na mama mmoja mzee wa Kijerumani akanieleza kwa fahari kana kwamba ni yeye aliyeyavuta kutoka mtoni. Fahari ile nimeitamani kwetu.

Msidhani kwamba bustani ile ilipata raha miaka yote hiyo. Oktoba 1943, wakati wa Vita vya Pili, ndege za Waingereza ziliupiga mji kwa mabomu, jumba la kifalme lililokuwa mbele ya bustani likateketea. Nyumba kubwa ya vioo ya michikichi na minazi, iliyojengwa mwaka 1880 na kujaa mkusanyo ambao akina Wendland waliujenga kwa vizazi vitatu, babu, baba na mwana, nayo ikaharibiwa na vita. Watu wa mji wakarekebisha bustani vita vilipokwisha, wakati nyumba zao wenyewe zilikuwa magofu. Jumba lilichelewa sana. Limejengwa upya na kufunguliwa Januari 2013, karibu miaka 70 baada ya kuungua. Na mwenye bustani kubwa ni halmashauri ya mji, iliyoinunua mwaka 1936. Kwa hiyo ninaposema bustani ya umma namaanisha hivyo: ni mali ya wakazi, kodi yao inalipa mishahara ya wale vijana wa kamba.

Hata zamani za wafalme haikufungwa kwa wananchi. Kuna tangazo la karne ya 18 linalomruhusu kila mtu kuingia bustani ya mfalme kujiburudisha, ila asiharibu sanamu, asiwarushie mabata maji vitu, na asiwanase ndege waimbao. Napenda namna lilivyopangwa: ruhusa inatangulia, katazo linafuata. Sisi vibao vyetu vingi huanza na neno Marufuku.

Berggarten ndiyo niliyoijia hasa. Ilianza kama bustani ya mboga za jumba, juu ya kilima cha mchanga kilichokwisha kusawazishwa. Ndani yake zipo nyumba za vioo za mimea ya nchi za joto na za jangwani, na mkusanyo wa okidi unaosifika Ulaya nzima. Kwenye mmea kuna kibao kidogo: jina, ukoo, nchi ulikotoka. Niliingia kwenye nyumba ya vioo yenye joto, miwani ikajaa ukungu, na harufu iliyonipokea ilikuwa ya Amani, ya udongo wa msituni baada ya mvua. Binti yangu akacheka kwa furaha, akasema, "Baba, tumefika nyumbani."

Vile vibao ndivyo vilivyonishughulisha kuliko mimea. Kibao kinafanya mambo mawili. Kinamwambia mtoto kwamba kitu hiki kina jina na kina kwao. Na nyuma ya kibao kuna daftari: mmea ulipokelewa lini, kutoka wapi, kutoka kwa nani. Bustani ya mimea isiyo na daftari ni shamba zuri la kupigia picha. Wendland aliweza kusema mmea huu umetoka Tanga kwa sababu kulikuwa na watu waliozoea kuandika. Wale babu zetu waliolijua ua kabla, ujuzi wao ulikaa kwenye vinywa, vinywa vikafumba, ukapotea. Wanafunzi wangu wa zamani waliomo humu wanajua nilivyokuwa mkali kwa daftari la maabara. Sasa mnajua nilichokuwa nakitetea.

Siku ya kuondoka, kwenye duka la maua karibu na stesheni, niliyaona. Vyungu vidogo, kila kimoja na ua lake: zambarau, waridi, meupe, mengine yamekunjana pembezoni. Bei yake Euro chache tu. Muuzaji akanitajia jina lao la Kijerumani, na ndani ya jina hilo nikasikia Usambara. Nikamwambia mimi natoka huko. Hakuniamini mara moja. Alidhani Usambara ni jina la kupamba tu la watengeneza maua. Nikamchorea ramani kwenye karatasi ya kufungia: bahari, Tanga, Muheza, mlima. Akaibandika ukutani nyuma ya mezani pake.

Ndugu zangu, sasa tuongee ya kwetu, na hapa naomba uvumilivu wenu.

Sisi si watu wasio na bustani ya historia. Hapa mkoani mwetu, milimani juu ya Muheza, ipo Amani. Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 kama taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, wakapanda miti ya nchi za joto kutoka kila upande wa dunia, kuanzia chini bondeni Sigi hadi mlimani zaidi ya mita 1,000. Reli nyembamba ilijengwa kutoka Tengeni hadi Sigi. Waingereza wakaiendeleza, kisha mwaka 1948 utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga, Kenya, na Amani ikawa makao ya utafiti wa malaria. Mwaka 1997 msitu ukatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na bustani ile imo. Miti iliyopandwa kabla ya vita vya 1914 bado imesimama. Kutoka hapa ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Mzazi unayempeleka mwanao Dar es Salaam likizo akaone maduka makubwa, mpeleke Amani kwanza.

Ila mapenzi yangu kwa bustani hayanizibi macho. Bustani ya mimea inaweza pia kuleta balaa. Mti uitwao Maesopsis ulipandwa Amani miaka ya ukoloni. Ndege wetu hondohondo wakayapenda matunda yake, wakazisambaza mbegu, na msitu ulipofunguliwa na wakata mbao, mti huo ukaingia kwenye mapengo ukaziba nafasi ya miti ya asili. Hadi leo wataalamu wa misitu wanahangaika nao. Nalisema hili kwa vijana wanaotaka kuagiza mbegu ngeni kwa sababu tu wameziona kwenye simu zinapendeza. Uliza kwanza.

Nalo ua letu lenyewe, huko porini, hali yake si nzuri. Aina nyingi za kundi lake zimo kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Sababu haina fumbo. Mmea huu unaishi juu ya mwamba wenye udongo kidogo sana, unategemea unyevu na kivuli cha miti mikubwa. Hakuna haja ya mtu kuung'oa. Kata mti uliousitiri, jua likapiga mwamba msimu mmoja, umekwisha. Mahali pengine umebaki kwenye jabali moja tu, na jabali likichomwa kwa chokaa au likipasuliwa kwa kokoto, imekwisha habari ya aina hiyo.

Na wale wanaosema maua ni mambo ya wenye nafasi, niwakumbushe maji. Mto Zigi unatoka kwenye misitu hiyohiyo ya Usambara Mashariki, unaingia bwawa la Mabayani, na kutoka hapo ndiyo maji yanafika kwenye mabomba yenu Chumbageni, Makorora na Ngamiani. Msitu unaolifunika ua na msitu unaotupa maji ni mmoja. Ukiliona ua bado liko kwenye mwamba wake, ujue unyevu bado upo.

Ombi langu kwenu ni moja. Mji wetu ulipandishwa kuwa jiji mwaka 2005. Bustani tunayo, ile ya Jamhuri, pale juu ya bandari, penye upepo na miti, unakoona meli na kisiwa cha Toten. Watu wanapumzika pale, maharusi wanapiga picha, wanafunzi wa mitihani wanajisomea. Nataka kona moja ya bustani ile, penye kivuli kizito, tuombe halmashauri kwa barua rasmi itupe tupange mawe ya chokaa, tupande ua la Tanga, na tuweke kibao: jina lake la kisayansi, mwaka 1892, mahali lilipoonekana, na chini yake maneno kwamba wenyeji wa hapa walilijua kabla ya wote. Karibu yake tupande mkonge mmoja wenye kibao chake, 1893, Kikogwe. Mtoto wa Barabara ya 12 asimame hapo asome safari mbili.

Mtu mmoja alishaniambia haliwezekani, hili ni ua la baridi ya mlimani. Sasa rudini kwenye tarakimu mliyoandika. Mita 30 hadi 50. Liliandikwa kwa mara ya kwanza kutoka mawe ya chokaa ya huku chini, pamoja na joto letu lote. Linachotaka ni kivuli, unyevu, na maji yasiyotuama.

Kupanda ni rahisi kiasi kwamba darasa la tatu wanaweza. Chukua jani zima lililokomaa pamoja na kikonyo chake. Kata kikonyo kwa wembe safi, bakiza urefu wa kama sentimita 3. Kichomeke kwenye mchanga wa mtoni uliooshwa, uliochanganywa na mboji laini, sehemu sawa kwa sawa. Lowesha kidogo, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako ili unyevu usitoroke, weka barazani mahali pasipopigwa na jua. Mizizi huchukua kama mwezi. Miche midogo hutokeza chini ya jani baada ya miezi miwili au mitatu, na jani moja hutoa miche kadhaa. Maji mwagia kwenye udongo, usimwagie juu ya majani, maana maji ya baridi huyaachia mabaka. Na tobo chini ya chungu lisikosekane. Wengi wanaoua mmea huu wanauzamisha.

Jambo moja nasisitiza kwa wakuu wa vikundi: mtu asiende Amboni wala Amani kuchimba. Ni kosa kisheria kuchuma mimea hifadhini bila kibali, na hata pasipokuwa hifadhi, mwamba wenye mimea 10 ukiondolewa miwili umeshapungukiwa vibaya. Tuanze na iliyokwisha kuzalishwa kwenye vyungu. Ile ya asili, ya Tanga hasa, tutaiomba kwa utaratibu kupitia wahifadhi, na itakapokuja iandikwe kwenye daftari ilikotoka, isichanganywe na ya madukani.

Daftari lenyewe nimelinunua, lina jalada gumu. Ukurasa wa kwanza nimeuacha kwa ajili ya wazee. Mzee yeyote humu, wa Kidigo, wa Kibondei, wa Kisambaa, wa Kisegeju, anayekumbuka ua hili liliitwaje kwao, au mama yake alilitumia kwa nini, anikute mlangoni kabla hajaondoka, mmoja wa wanafunzi ataandika maneno yake na jina lake. Majani ya kupanda yako kwenye kikapu kando ya daftari, nimeyakata asubuhi hii kutoka kwenye vyungu vya barazani kwangu. Kila shule ichukue matatu na mwalimu atie sahihi.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Nayapokea maswali, nikianza na wale waliosimama.